Nywele za bandia: nani hasa anamwaga pesa nyingi, mweusi, mzungu au Mhindi? Njooni na vikokotoo

Msusi wa Sinza (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikija mada ya nywele za bandia, hukumu inakuwa imeshaandikwa: mwanamke mweusi ndiye anayemaliza hela kwenye mawigi, mzungu kajaliwa zake, anachana tu na kwenda kazini. Mimi nasuka kwa riziki. Kabla sijarudi Dar kufungua saluni yangu, nilifanya kazi saluni ya wazungu kusini mwa Uingereza. Nimeshika vichwa vya pande zote mbili na nimeona risiti za pande zote mbili. Naomba tuhesabu kwanza, matusi baadaye.

Nianze na mzungu, maana huyo ndiye hamumuoni.

Anakuja, unamkalisha, unamletea pete yenye vishungi vya rangi na kumsogeza dirishani kwa sababu taa ya saluni inadanganya. Rangi ya nywele za mzungu haiwi moja: mizizini kahawia, katikati asali, ncha zimepauka. Inabidi uchanganye rangi mbili au tatu. Kisha unaanza vipande vya tepu, yaani vishungi vya nywele vyenye gundi juu, kila kimoja upana wa vidole viwili. Vinabanwa viwili viwili, kimoja juu kingine chini, na katikati umepitisha nywele zake chache, nyembamba kabisa. Kichwa kizima kinakula vipande 40 au zaidi. Ukimaliza, hata wewe uliyeviweka lazima upapase ndiyo uvipate. Wateja wengi walikuwa hawataki hata wa kiti cha pili ajue, sembuse mume.

Sasa bei. Saluni ya maana, kichwa kizima cha nywele halisi ni kama pauni 600, wengine wanapanda hadi 1,000. Kila baada ya wiki sita hadi nane nywele zake zimeota, tepu zimeshuka, anarudi kuzipandisha, pauni 120 nyingine. Nywele zenyewe zikitunzwa zinafika mwaka hivi, halafu zinatupwa. Mtu wa kawaida kabisa, karani wa benki, anamaliza mwaka amelipa pauni 1,300 au 1,400. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 4. Na kuna wanaotaka za kubandikwa kwa keratini, gundi ya protini, kishungi kimoja kimoja kwa moto. Hizo zikitolewa baada ya miezi mitatu au minne ndiyo basi, hazirudi kichwani.

Hapo hapo Uingereza, dada mweusi anayesuka rasta analipa pauni 100 hadi 150 kila mwezi na nusu. Zidisha kwa mara nane, ni kama pauni 1,000 kwa mwaka. Amekaa chini ya mzungu. Anayempita mzungu ni yule wa frontal, wigi linalobandikwa kwa gundi kwenye kingo za mbele: wigi pauni 400, kubandikiwa pauni 100, na baada ya wiki mbili tatu gundi imeachia, anarudi.

Dar nayo: pakiti tano za rasta na ufundi, tuseme 50,000. Ukisuka kila wiki sita, mwaka mzima ni kama 450,000. Kwa pauni haifiki 150. Lakini msichana wa dukani anayelipwa laki na nusu kwa mwezi, 50,000 hiyo ni theluthi ya mshahara wake. Karani wangu wa Uingereza hakuwahi kutoa theluthi ya mshahara kwa mkao mmoja wa kila mwezi na nusu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ukihesabu vichwa, sisi tunaongoza, maana kwetu anayevaa ni karibu kila mtu na anavaa mwaka mzima. Ukihesabu risiti moja moja, mzungu anatuacha mbali, ukimtoa wa frontal. Ukihesabu maumivu mfukoni, anayeumia zaidi ni maskini. Watu wanachanganya hesabu hizi tatu wanazifanya moja, ndiyo maana hatuelewani.

Karibuni.

Kamanda Mstaafu

Mleta mada umejitahidi lakini unatetea upande wako. Takwimu ziko wazi. Marekani mwanamke mweusi anatumia mara tisa zaidi ya wanawake wengine kwenye nywele. Ilitoka kwenye utafiti wa Nielsen, kampuni ya utafiti wa soko, siyo maneno ya vijiweni.

Msusi wa Sinza

Mkuu, afadhali umeitaja, maana hiyo ndiyo inazunguka kila mahali.

Nielsen walitoa ripoti mwaka 2018 kuhusu manunuzi ya Wamarekani weusi ya mwaka 2017. Walichosema ni kwamba kwenye kundi la bidhaa za nywele na urembo zilizotengenezwa mahsusi kwa watu wasio wazungu, jumla ilikuwa kama dola milioni 63, na weusi walitoa milioni 54. Inabaki milioni 9. Kwanza, 54 gawanya kwa 9 ni 6, siyo 9. Pili, umepima mafuta na dawa za nywele za kipilipili halafu unashangaa wanunuzi ni wenye kipilipili?

Tatu ndiyo tamu zaidi. Wamarekani weusi wamezidi milioni 40. Wagawie hizo dola milioni 54, kila mtu anapata dola moja na ushee kwa mwaka mzima. Pakiti moja ya rasta haipatikani kwa hela hiyo. Maana yake hesabu ile haikugusa mawigi na nywele za kushonea kama tunavyozijua, wala saluni, wala yale maduka ya vipodozi ya mitaani ambako ndiko biashara iliko. Kamanda, hiyo silaha haina risasi.

Kamanda Mstaafu

Hahaha. Haya, endelea. Nipo.

Shangazi wa Tabora

Nyie watoto mnajisumbua. Sisi tulisuka kwa uzi mweusi wa dukani, tukasuka twende kilioni, tukasuka mabutu, mtoto wa jirani anakusuka jioni barazani na humlipi kitu. Nywele zilikuwa ndefu. Sasa hivi mna miaka 25 na kipara cha mbele.

Msusi wa Sinza

Shikamoo shangazi. Kwenye kipara cha mbele sikupingi, nakiona kila siku. Rasta ndefu mpaka kiunoni, zimesukwa kwa kukaza, mteja anameza panadol usiku alale, halafu anashangaa kingo zinakwisha. Ila ujue na wale wa tepu na keratini wanakatika vilevile. Nimetoa tepu kichwani kwa mzungu zikatoka na vijinywele vyake vyote. Nywele nyembamba kubebeshwa mzigo usio wake, inachoka.

Shangazi wa Tabora

Marahaba mwanangu. Hapo umenena.

Mmakonde wa Jersey

Nipo Marekani, New Jersey. Kwenye hesabu zenu mmesahau watu wanaonunua mawigi ya bei mbaya kuliko wote ninaowaona huku: Wayahudi wa Orthodox, wale wanaoshika sana sheria za dini. Mwanamke akiolewa anafunika nywele zake, na wengi wanafunika kwa wigi, wanaliita sheitel. La nywele halisi, lililoshonwa vizuri, dola 2,000 ni kawaida, na 5,000 utazikuta. Na hanunui moja. Kuna la kila siku, kuna la Sabato na sherehe. Hapo ni mzungu, na ni kwa ajili ya dini na heshima ya ndoa. Hakuna anayemwambia anachukia nywele zake.

Kuna kisa cha mwaka 2004. Rabi Yosef Shalom Elyashiv wa Jerusalem alitoa hukumu kwamba wigi lenye nywele zilizotoka kwenye mahekalu ya Kihindu halifai kuvaliwa, kwa kuwa zimekatwa kwa ibada ya miungu mingine. Wanawake wa Jerusalem na Brooklyn wakatoa mawigi yao, yakachomwa moto hadharani barabarani. Piga picha, dola elfu mbili inaungua na mwenyewe anatazama. Tangu hapo wateja wengi wa Orthodox wanamuuliza mwuza wigi nywele zimetoka wapi.

Nungwi Kaskazini

Ndiyo maana kichwa cha uzi kimemtaja Mhindi na mpaka sasa hajatokea? Mahekalu yanauzaje nywele?

Msusi wa Sinza

Nilikuwa nakuja huko, mkuu.

Hekalu kubwa la biashara hii ni la mungu Venkateswara kule Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh. Waumini wanakwenda kunyoa kipara kama nadhiri: mtoto kapona, mtihani umefaulu, deni limelipika. Kuna jengo zima la vinyozi, Kalyanakatta, na mamia ya watu wanakaa sakafuni kwa foleni. Kisa chao kinasema mungu huyo alipigwa kichwani pakabaki doa lisilo na nywele, binti wa kifalme Neela Devi akakata za kwake akampa. Ndiyo na wao wanampa. Hekalu linazikusanya, linazipanga kwa urefu na kuzipiga mnada, na linaingiza fedha nyingi mno kwa mwaka. Aliyenyolewa hapewi kitu wala hadai kitu, ametoa sadaka.

Hizo ndizo bora, kwa sababu zimekatwa kwa mkupuo mmoja, mizizi yote upande mmoja. Ndizo zinazokwenda Italia kwa kampuni kama Great Lengths, zinaondolewa rangi nyeusi taratibu, zinatiwa rangi ya dhahabu, zinaishia kwa karani wangu wa pauni 1,400. Kwa hiyo mzungu mwenye nywele ndefu za kung'aa huenda amebeba nadhiri ya mama wa kijijini India.

Na Mhindi mwenyewe hununua. Bibi harusi wa kusini mwa India anaunganishiwa msuko wa bandia mpaka chini ya kiuno, unajazwa maua na mapambo ya dhahabu. Anayeuliza kama ni zake, hajaalikwa.

Kundi la pili ni nywele za kuchanuka. Mwanamke akichana, zile zinazobaki kwenye kitana anazikunja kidonge na kuziweka kwenye mfuko, anapita mnunuzi anapima kwa uzito. India zinakusanywa hivyo, nyingine zinavushwa Myanmar kwenda kufumuliwa kwa mkono, unywele mmoja mmoja. Hizo mizizi na ncha zimechanganyika, kwa hiyo zikiachwa hivyo zitajifunga fundo. Kiwandani wanaziosha kwa asidi kuondoa magamba ya juu, halafu wanazipaka silikoni zing'ae. Wiki ya kwanza ni malaika. Baada ya kufua mara chache silikoni imekwenda na maji, unabaki na katani.

Na jamani, haya majina ya Brazilian, Peruvian, Malaysian ni majina ya biashara. Nywele nyingi zinazouzwa kwa majina hayo zimetoka India, China na nchi za jirani zao, na sehemu kubwa zinapitia Xuchang, mji wa China ulioko mkoa wa Henan ambako watu wengi wanaishi kwa mawigi. Sijawahi kukutana na Mperu aliyeuza nywele.

Kipenzi cha Mama

Dada nimecheka kwa sauti ofisini 😂 mimi nina Peruvian mbili.

Mhasibu Mkavu

Mnajadili bei lakini kodi mmeiacha. Bajeti ya 2019, Waziri wa Fedha wakati huo Dk. Philip Mpango aliweka ushuru wa asilimia 10 kwa nywele za bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazoagizwa. Wabunge walishangilia. Mimi niliunga mkono, hii ni starehe kama bia.

Mama wa Watatu

Starehe? Mkuu, nenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi na kipilipili chako kimesimama uone. Marekani kwenyewe, California ilibidi ipitishe sheria mwaka 2019, inaitwa CROWN Act, kuzuia mtu asinyimwe kazi au shule kwa ajili ya afro au rasta zake. Afrika Kusini mwaka 2016 watoto wa Pretoria High School for Girls waliandamana kwa sababu ya masharti ya nywele zao. Unamwambia mtu zake hazifai, akinunua zinazofaa unamtoza starehe.

Nairobi Eastlando

Huku kwetu walijaribu pia. Mswada wa Fedha wa 2023 ulitaka asilimia tano kwa nywele, wigi, kope, kucha, hata ndevu za bandia. Watu walipiga kelele. Na msisahau hizo braids za pakiti mnazosukia, baadhi zinatoka viwanda vya hapa Nairobi ambavyo vimeajiri wanawake wengi sana. Ukiongeza ushuru, unamgonga mvaaji, msusi na mfanyakazi wa kiwanda kwa mpigo.

Msusi wa Sinza

Mhasibu, anayelipa ushuru huo ni nani? Mwenye wigi la milioni analeta na ndugu kwenye begi kutoka Dubai au Guangzhou. Anayekamatwa vizuri ni wa pakiti ya rasta, kwa sababu ya kwake inatoka kiwandani.

Na wanaume wasijitoe kwenye kesi hii. Uingereza mwaka 1795, waziri mkuu William Pitt aliweka kodi kwenye unga wa nywele, ule mweupe waliokuwa wanajipaka mabwana juu ya wigi. Gini moja, sarafu yao ya zamani, kwa mwaka kwa kila mtumiaji. Wengi waliamua kunyoa na kuacha unga, na fasheni yenyewe ikafa baada ya hapo. Kwetu kodi imewekwa na wigi linaendelea. Hapo ndipo unaona kwamba kwa bwana wa 1795 lilikuwa pambo, kwa dada wa mapokezi ni nusu ya sare ya kazi.

Kuhusu Nairobi, ni kweli. Ila fuatilia hela inaishia wapi. Uzi mwingi wa rasta ni Kanekalon, wa Kaneka ya Japani. Mwaka 2011 Godrej ya Mumbai ilinunua asilimia 51 ya kundi la Darling, watengenezaji wa nywele za bandia. Tunasuka sisi, tunavaa sisi.

Mwalimu wa Historia

Niongezee hapo. Miaka ya 1960 Korea Kusini ilikuwa maskini, na moja ya bidhaa ilizoanza nazo kuuza nje ni mawigi. Wasichana wa vijijini walikata nywele zao wakauza, kisha wakaenda kushona viwandani. Serikali ikazuia nywele ghafi zisitoke nje ili zishonwe nyumbani kwanza. Marekani nayo miaka hiyo hiyo ikazuia mawigi yenye nywele za China ya kikomunisti, soko likawaangukia Wakorea. Wahamiaji wa Kikorea Marekani wakaanza kuuza mawigi, na mpaka leo wana maduka mengi ya vipodozi kwenye mitaa ya weusi.

Mwaka 1979 kiwanda cha wigi cha YH kilipofungwa, wafanyakazi wanawake walikwenda kukaa kwenye ofisi za chama cha upinzani Seoul. Polisi wakavamia, msichana mmoja akafa. Kisa hicho kiliwasha moto wa kisiasa, na Oktoba mwaka huo huo Rais Park Chung-hee akauawa na mkuu wa shirika lake la ujasusi.

Ya karibuni zaidi, Julai 2020 forodha ya Marekani ilikamata karibu tani 13 za bidhaa za nywele kutoka Xinjiang, jimbo la China, zenye thamani ya zaidi ya dola 800,000, kwa shaka ya kazi ya kulazimishwa.

Kamanda Mstaafu

Mwalimu umenifunga mdomo. Mke wangu asione hii ya Korea, ataniambia wigi lake ni siasa za ukombozi.

Nungwi Kaskazini

Na Wajapani, Wachina wenyewe hawavai?

Msusi wa Sinza

Wanavaa, hasa wamama wa umri mkubwa ambao utosi umepungua. Japani kuna kampuni kama Aderans, ilianza 1968, inampima mteja kichwa na kumtengenezea kipande chake cha kuziba utosi. Bei yake usiulize ukiwa na njaa.

Kipenzi cha Mama

Dada, turudi kwangu. Nilinunua "human hair" ya 350,000 duka moja Kariakoo. Nimeifua mara mbili tu imekakamaa na inajifunga nyuma ya shingo. Muuzaji anasema natumia shampoo mbaya. Nifanye nini?

Msusi wa Sinza

Mamii, chomoa nywele chache kwenye mshono wa ndani, siyo pembeni pekee, chukua sehemu tatu tofauti, maana wajanja wanachanganya. Ziwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Nywele ya binadamu inanuka kama unyoya ulioungua na inabaki majivu yanayosagika kwa vidole. Uzi wa plastiki unajikunja, unayeyuka, unabaki kitone kigumu. Ukipata majivu sehemu moja na kitone sehemu nyingine, umeuziwa mchanganyiko, rudi dukani na kiberiti chako mbele ya wateja wengine.

Ikiwa zote ni majivu lakini bado zinajifunga, basi ni zile za kitana zilizooshwa kwa asidi. Hapo hairudi kuwa mpya. Chukua unywele mmoja, upitishe vidole toka ncha kwenda mzizi, kisha toka mzizi kwenda ncha. Ukisikia sawa pande zote, magamba hayapo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na kondishena, chana ukianzia ncha, ikaushe ikiwa imening'inia, na ukilala ivue. Kisha ikate iwe bobu fupi, zile za shingoni zinazojifunga zitaondoka zenyewe. Itakusogeza miezi minne mitano.

Na ukienda kununua nyingine, usinunue ikiwa imepuliziwa dawa ya kung'arisha. Mwambie aifue mbele yako. Akikataa, nenda duka la pili.

Kipenzi cha Mama

Nimechoma. Majivu mawili, kitone kimoja. Kesho asubuhi nipo Kariakoo.